Mpangaji Aliyeondoka na Ufunguo

"Mtandao umekatika." Karani wa dirishani huyasema maneno hayo akiwa na foleni ndefu mbele yake, mwalimu huyasema kwenye chumba cha kompyuta, na anayeambiwa huitikia kwa kichwa bila kuhoji, kwa sababu kukatika ni jambo analolijua: umeme hukatika, maji hukatika. Lakini mfuate fundi anayekwenda kutafuta hapo palipokatika, utaona kwamba mara nyingi harudi na kipande cha waya mkononi. Waya ni mzima, taa ya kijani kwenye swichi inapepesa kama kawaida, na kompyuta ya meza ya pili inafungua kurasa bila taabu. Kilichoharibika ni muda. Mahali fulani kuna taarifa iliyokuwa kweli jana, leo si kweli tena, na mashine bado imeing'ang'ania. Nitajaribu kuonyesha hapa kwamba kazi mbili za mafundi wa mitandao ambazo watu huziona haziingiliani kabisa, yaani kugawa anwani kwa kompyuta na kutunza nakala za programu huria, zina ugonjwa mmoja. Zote mbili hutoa ahadi zenye tarehe ya mwisho, na zote huharibika pale ahadi inapoendelea kuaminiwa baada ya tarehe hiyo kupita.

Tuanze na anwani. Kila kifaa kinachozungumza kwenye mtandao kinahitaji namba ya kujulikana nayo, mfano 192.168.10.57, na kifaa hakizaliwi na namba hiyo, hupewa kikifika. Utaratibu wa kupewa unaitwa DHCP. Uliandikwa kwanza mwaka 1993 na ukapata sura tunayoitumia hadi leo mwaka 1997. Njia rahisi ya kuuelewa ni kufikiria gesti. Mgeni anaingia usiku, hajui mapokezi yako wapi, basi anapaza sauti pale ukumbini: jamani, kuna chumba? Mhudumu anajibu: kipo, namba 57. Mgeni anasema: haya, nakichukua hicho. Mhudumu anaandika kwenye daftari, anamkabidhi ufunguo na kumwambia mwisho wa kukaa ni lini. Kauli nne tu, na kwenye mtandao mzima zinapita kabla hujamaliza kuvuta kiti. Pamoja na ufunguo, mgeni huelekezwa mlango wa kutokea nje, ambao ni ruta, na mahali pa kuulizia majina ya tovuti. Watu wengi hawalijui jambo moja hapa: chumba hakikuuzwa. Kimepangishwa, na muda wa upangaji huandikwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima.

Mpangaji mwema hasubiri siku ya mwisho ndipo aombe kuongezewa. Nusu ya muda ikipita, kompyuta humwendea mhudumu yuleyule kimyakimya na kuomba muda mpya. Asipojibu, hujaribu tena baadaye, na ikishatumia saba ya nane ya muda wake bila kujibiwa huacha kumtafuta yeye pekee, ikapaza sauti kwa mhudumu yeyote atakayesikia. Ni utaratibu wa busara, ila ndio unaoleta kile kitendawili cha maofisini: mbona mimi napata, yeye hapati? Chukua ofisi ambayo muda wa upangaji ni saa 24, na seva inayogawa anwani ikafa saa tatu asubuhi. Aliyewasha kompyuta yake saa mbili ataendelea na kazi siku nzima bila kujua kwamba kuna msiba. Aliyechelewa akafika saa nne hapati kitu. Mchana fundi anaitwa, anakuta nusu ya watu wana mtandao na nusu hawana, na kwa kuwa wasio nao wamekaa pamoja chumba kimoja, anaanza kufungua dari kutafuta kebo. Angewauliza tu kila mmoja amewasha saa ngapi, asingehitaji ngazi.

Kuna hitilafu ya pili iliyo maarufu zaidi, na hii haitaki hata seva ife. Mtandao mdogo wa kawaida una namba 256. Mbili kati ya hizo hazigawiwi kwa mtu, zinabaki 254, na ukitenga za ruta, printa na kamera unakaribia 200. Kwa chuo chenye kompyuta 60 zinatosha na kubaki. Ila wanafunzi wanapita getini na simu mfukoni, na kila simu inayokumbuka waifai ya chuo inaomba chumba hata kama mwenyewe anakwenda zake kantini. Muda ukiwa ni saa 24, simu 200 za mwanzo asubuhi zinashika vyumba vyote, wenye simu wanakwenda zao, na vyumba vinabaki vimeandikwa daftarini kuwa vina watu. Huyu ndiye mpangaji aliyeondoka na ufunguo. Kuanzia saa nne asubuhi, kila anayefika anaambiwa pamejaa wakati ukumbi mtupu. Simu za siku hizi zimeongeza chumvi: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujificha nyuma ya namba ya kubuni kwa kila waifai badala ya kuonyesha namba yake ya kiwandani, ili mwenye simu asifuatiliwe. Ni jambo jema kwa faragha, lakini simu inayobadilisha barakoa inahesabiwa kuwa mgeni mpya na kupewa chumba cha pili huku cha kwanza kikiwa bado kimefungwa. Dawa ya kwanza si kununua ruta kubwa zaidi, ingawa ndiyo ushauri anaoutoa mwuza ruta. Dawa ni kufupisha muda wa upangaji wa waifai ya wageni uwe saa moja, kisha kupanua namba kama bado hazitoshi: ukiunganisha mafungu manne ya 256 kuwa mtandao mmoja, unapata vyumba 1,022.

Hitilafu hizi zinaweza kutambuliwa kwa kusoma namba tu, na kwa maoni yangu hili lingefaa kufundishwa sekondari, pamoja na kusoma mita ya umeme. Fungua sehemu ya mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta, utazame anwani iliyopewa. Ikianza na 169.254, basi hakuna aliyeijibu. Imepiga kelele ukumbini, imechoka, imejichagulia namba ya kulalia kwenye kochi, na namba hiyo haitoki nje ya jengo. Ikiwa ni namba ya familia isiyo ya pale, mathalani ofisi nzima inatumia 10.20 na wewe unaona 192.168.1, basi umejibiwa na kishoka. Vishoka, wale mafundi wasio rasmi, tunawajua kwenye umeme. Na mtandao unao wa kwake. Mara nyingi ni ruta ndogo ya nyumbani ambayo mfanyakazi ameileta kwa nia njema ili waifai ifike mezani kwake, akachomeka kebo kwenye tundu lisilo lake. Ruta hiyo inasikia kila anayeuliza chumba na kumjibu, na kwa kuwa kompyuta kwa kawaida humkubali anayewahi kujibu, watu wanagawiwa funguo za nyumba isiyo na mlango wa kutokea. Fundi humtafuta kwa namba yake ya kiwandani: nusu ya kwanza ya namba hiyo humtaja mtengenezaji, na swichi ina jedwali linaloonyesha namba ipi inasikika kwenye tundu lipi. Anaifuata kebo hadi chini ya meza, anaichomoa. Halafu, nusu saa baadaye, simu inapigwa: fundi, mbona bado? Bado kwa sababu walioshikwa na kishoka wana funguo zake mpaka muda wake uishe. Kishoka ameondoka, ahadi zake zimebaki. Inabidi kila mmoja azime waifai na kuiwasha, na ili yasijirudie, swichi iwekewe agizo la kudumu kwamba majibu ya kugawa anwani yapokewe kutoka tundu moja tu linaloaminika.

Wapo wanaosema shida yote hii ni ya kujitakia, kila kompyuta ipewe namba yake ya kudumu na daftari lifungwe. Kwa seva na printa wana haki, tena ni lazima. Kwa vifaa vingine hapana, kwani namba ya kudumu ni ahadi isiyo na tarehe ya mwisho, na ahadi ya namna hiyo haifutwi na mtu. Kompyuta inakufa, namba inabaki kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Fundi mwingine anaajiriwa, hana karatasi, anampa mtu mwingine namba ileile, na mashine mbili zinaanza kugombana kwa zamu. Wapo pia wanaosema IPv6, mtindo mpya wa anwani, itatuondolea haya yote, kwa kuwa namba za mtindo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 tu, na mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa kwa mamlaka tano za kanda tarehe 3 Februari 2011, ikiwemo AFRINIC ya Afrika yenye makao yake Mauritius, ilhali za mtindo mpya hazimaliziki kwa hesabu ya binadamu. Uchache utaondoka, kweli. Muda hauondoki. Kwenye IPv6 ruta hutangaza mwanzo wa anwani pamoja na muda wa aina mbili, mmoja wa kuipendelea na mwingine wa kuitambua, ambao kwa mazoea ya kiwango ni siku 7 na siku 30. Ruta ikizimwa kwa kukatika umeme na ikarudi na mwanzo mpya kutoka kwa kampuni ya mtandao, vifaa vinaweza kuendelea kutumia ule wa zamani kwa siku kadhaa, vikituma barua kwenye nyumba iliyohamwa. Tatizo hilo lilizidi hata likaandikiwa waraka rasmi wa wahandisi wa intaneti mwaka 2021.

Sasa twende upande wa pili, kwenye programu huria, na hapa lazima niombe radhi kwa neno moja. Msomaji wa Kiswahili akisikia kifurushi anafikiria dakika na data anazonunua kwa simu. Kwa watu wa Linux, kifurushi ni programu moja iliyofungwa tayari kusakinishwa. Toleo la 12 la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, lililotoka Juni 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000, na ghala lake zima linajaza terabaiti kadhaa. Hakuna shirika la kujitolea linaloweza kuihudumia dunia nzima kutoka ghala moja, kwa hiyo tangu mwanzo vyuo na kampuni za intaneti zimekuwa zikiweka nakala kamili kwenye seva zao wenyewe na kuzifungulia umma. Nakala hiyo huitwa kioo, maana inatakiwa kuonyesha sura ileile iliyo kwenye ghala kuu, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwetu Afrika Mashariki umuhimu wa kioo cha karibu una historia ya kebo. Kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kufika ufukweni mwaka 2009, intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu, na swali kwenda na jibu kurudi lilichukua nusu sekunde hata kama mitambo yote ilikuwa kamili. Kenya iliwasha kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000, kikazuiwa na mdhibiti, kikarudi mwaka 2002. Tanzania ikafuata na chake Dar es Salaam miaka michache baadaye. Lengo la vituo hivyo ni kwamba barua ya kutoka Kinondoni kwenda Temeke isipitie Ulaya. Tarehe 12 Mei 2024 umuhimu huo ulionekana kwa macho. Kebo mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika baharini kusini mwa bara, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Hapo mtandao ulikuwa umekatika kwelikweli, na siwezi kudai kwamba ulikuwa ni muda uliopitwa. Lakini hata siku hiyo njia za ndani ya nchi zilikuwa nzima, na seva iliyokuwa na nakala ya programu upande huu wa bahari ilikuwa inafikika na walio upande huu. Kioo cha karibu ni akiba ya ghalani: huwezi kuilima siku ya njaa.

Akiba nayo huoza, na hapo ndipo kazi ya kutunza kioo inapoanza. Ghala kuu la Debian hubadilika mara nne kwa siku. Kunakili terabaiti zote upya kila safari kusingewezekana, kwa hiyo hutumika programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell wa Australia. Kwa faili lililobadilika, upande wenye nakala ya zamani hulikata vipande na kutuma muhtasari wa namba wa kila kipande. Upande wenye nakala mpya hulinganisha na kurudisha vile tu ambavyo havifanani. Lakini akili ya rsync haitoshi bila mpangilio. Ghala lina vifurushi, na lina orodha inayosema ni vifurushi vipi vilivyopo na alama ya kila kimoja. Mtunzaji mzembe huvuta vyote kwa mkupuo, na orodha mpya ikitangulia kufika, kwa dakika kadhaa kioo kinatangaza vitu ambavyo hakina. Mama lishe anaijua kanuni yake: pilau huandikwa ubaoni baada ya sufuria kuepuliwa, na hufutwa ubaoni kabla sufuria haijaondolewa. Watunzaji wa vioo nao huvuta vifurushi vipya kwanza, kisha orodha, na mwisho kabisa ndipo hufuta vya zamani. Mtumiaji anayekuta kioo kikiwa katikati ya mchakato uliovurugwa huona ujumbe wa Kiingereza kwamba jumla ya faili hailingani na iliyotangazwa. Wengi hudhani kompyuta yao ina virusi. Mara nyingi ni orodha ya saa hii iliyokutana na kifurushi cha saa ile, wakati mwingine kwa sababu ya seva ya katikati ya kampuni ya mtandao iliyohifadhi faili la jana na kulitoa kana kwamba ni la leo.

Swali la mtu makini ni hili: je, nitamwamini vipi mwenye kioo nisiyemjua? Jibu la kawaida ni kwamba humwamini yeye, unaamini sahihi. Orodha ya ghala hutiwa sahihi ya kidijiti na Debian wenyewe, ndani yake mna alama ya kila faili, na kompyuta yako hukagua zote. Mwenye kioo akibadilisha hata herufi moja, anakamatwa. Jibu hili ni zuri, na lina tundu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, akiwemo Justin Cappos, walikodi seva, wakabuni jina la kampuni na msimamizi asiyekuwepo, kisha wakaomba kuwa kioo rasmi cha mifumo mitano ikiwemo Debian, Ubuntu na Fedora. Walikubaliwa kote, na maelfu ya kompyuta zikaja kuchota, zikiwemo za serikali na jeshi. Hawakuhitaji kughushi sahihi yoyote ili kuonyesha hatari. Kioo kiovu kinaweza kusimama tu, kikaendelea kutoa orodha ya mwezi uliopita yenye sahihi halali kabisa. Fikiria kioo kilichosimama tarehe 6 Aprili 2014. Kesho yake, tarehe 7, dunia ilitangaziwa tundu la Heartbleed kwenye programu ya OpenSSL, na Debian wakatoa kiraka siku hiyohiyo. Anayechota kwenye kioo kilichoganda angeambiwa kila siku kwamba mfumo wake uko sawa, hauna jipya, na sahihi ingekubali. Ndiyo maana sehemu ya ghala inayobeba marekebisho ya usalama huandikwa tarehe ya mwisho ndani ya orodha yenyewe, siku chache tu mbele. Ikipita, kompyuta inakataa hata kama sahihi ni safi. Na ndiyo maana Debian, wanaopenda vioo kuliko mtu yeyote, hawahimizi watu kuiwekea vioo sehemu hiyo. Sahihi inathibitisha nani kasema. Haithibitishi kwamba bado anasema hivyo.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu lilikuja Machi 2024. Tarehe 29 mwezi huo, Andres Freund, mhandisi aliyekuwa akichunguza kwa nini kuingia kwenye seva yake kumechelewa kwa nusu sekunde, alitangaza kwamba matoleo mapya ya programu ya xz yamepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejijengea imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili. Vioo vya Debian vilikuwa vimebeba sumu hiyo kwa uaminifu mkubwa, kwa wakati, na kwa sahihi halali. Waliopona ni waliochelewa: toleo imara la Debian, lenye vifurushi vya zamani, halikuguswa, wakati matawi ya majaribio yaliguswa. Basi upya si usalama? Sijawahi kudhani ni usalama. Toleo imara ni la zamani kwa kutangazwa. Tarehe yake imeandikwa mlangoni, na kiraka cha dharura kina njia yake ya kulifikia. Kioo kilichoganda ni cha zamani huku kikidai ni cha leo. Kati ya mzee anayesema umri wake na mzee anayejipunguzia miaka kwenye fomu ya ajira, tofauti si umri.

Wengine watasema vioo vimepitwa na wakati vyenyewe, kwani siku hizi kuna kampuni kubwa zenye seva kila bara zinazosambaza maudhui ya kila mtu, na hata Debian wana anwani ya pamoja inayohudumiwa na mojawapo ya kampuni hizo, Fastly. Huduma hiyo ni nzuri, na kwa mtu mmoja mwenye kompyuta moja ndiyo ningempendekezea. Ila tarehe 8 Juni 2021 mteja mmoja wa Fastly alibadilisha mpangilio wake, mpangilio halali kabisa, ukaamsha kosa lililokuwa limejificha kwenye programu yao, na asilimia 85 ya mtandao wao ukaanza kurudisha makosa. Magazeti makubwa na tovuti ya serikali ya Uingereza vikazimika pamoja. Walirekebisha sehemu kubwa ndani ya dakika 49, na kwa haki ya Mungu huo ni ufundi wa hali ya juu. Lakini vioo mia vinavyotunzwa na watu mia haviwezi kuanguka kwa kosa moja la mtu mmoja.

Sisemi kila shule ijaze chumba na diski. Kioo kamili ni kazi ya mitandao ya vyuo kama KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania na RENU ya Uganda, au ya kampuni zilizounganishwa kwenye vituo vya kubadilishana. Shule inatosheka na kabati dogo: seva moja inayohifadhi kila kifurushi kinachopita mara ya kwanza na kukitoa kwa wengine wanaofuata. Piga hesabu. Kompyuta 40, kila moja ikihitaji gigabaiti moja ya programu, kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde: ni takriban saa 9 za kuvuta, na watu wengine wote wakilalamika kwamba mtandao umekatika. Ukivuta gigabaiti ile mara moja ni dakika 13 hivi, na zilizobaki zinapita kwenye waya wa ndani kwa dakika chache. Hapo ndipo kazi zetu mbili zinapokutana uso kwa uso, maana kompyuta mpya isiyo na mfumo wowote inaweza kuwashwa kwa waya wa mtandao, ikaomba anwani, na mhudumu yuleyule wa gesti akaiambia pamoja na ufunguo: faili la kuanzia liko kwenye seva ile pale. Inalifuata, inaanza kujisakinisha kutoka kwenye kabati la ndani, na hakuna aliyegusa kibodi.

Na hapo ndipo mara nyingi, kwenye kompyuta za msaada zilizotumika miaka kumi ng'ambo, mambo hukwama kwa namna inayowachanganya hata mafundi wazoefu. Anwani inapatikana bila shida. Faili la kuanzia linashuka. Kisha kabati linakataliwa kwa ujumbe kwamba orodha hii bado haijaanza kutumika, kana kwamba imetoka siku za mbele. Kosa halimo kwenye seva. Muda wa upangaji wa anwani huhesabiwa kwa sekunde kuanzia dakika ya kupewa, kwa hiyo kompyuta isiyojua leo ni tarehe ngapi hupangishwa kama nyingine zote. Orodha ya programu huhesabu kwa kalenda, na kalenda ya mashine hii imerudi miaka mingi nyuma, mwaka ambao orodha haikuwa imeandikwa. Utaratibu wa DHCP una nafasi ya kumwambia mgeni saa ya kweli aiulize wapi, ni chaguo namba 42, na kwenye mitandao mingi nafasi hiyo iko tupu. Fundi akiijaza, kompyuta zenye programu ya kuisoma zinarekebisha saa zenyewe. Zilizobaki anazifungua moja moja kwa bisibisi, anachomoa kwenye ubao mama kile kibetri cha duara kilichokufa, CR2032, chenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa 3.2, anapachika kipya, anaweka tarehe ya leo, anawasha tena.